Pimeni Ardhi Masika, Si Kiangazi

Tarehe 13 Novemba 2023 Wakenya tulipewa siku ya mapumziko ili tupande miti. Sina ugomvi na miti. Mimi ni Mrabai, nimekulia karibu na msitu wa Kaya Mudzimuvya, na najua jinsi wazee wanavyoweza kuulinda msitu hata pale ambapo askari wa serikali hafiki. Katiba yetu ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 69, inaitaka serikali ijitahidi miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Lakini mabwawa ya msimu, yale yanayojaa masika na kukauka kiangazi, hayakutajiwa asilimia yoyote. Hayana sikukuu na hayana wazee wa kuyasemea. Ndiyo maana yanakwisha na hakuna anayepiga ukunga.

Ukitoka Malindi, uvuke mto Sabaki na kushika njia ya Marafa, unaingia Magarini, kwenye misitu ya Dakatcha. Humo yumo mnana wa Clarke, ndege mwenye weusi na manjano. Dunia nzima hapatikani ila katika kaunti yetu ya Kilifi, huko Dakatcha na katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Wataalamu walimwandika mwaka 1913. Walimjua anavyopita kwa makundi juu ya miti ya mrihi akitafuta wadudu, lakini mahali anapotaga hawakupajua. Ikapita karne nzima. Mwaka 2013, watu wa shirika la Nature Kenya na wenyeji wa kikundi cha uhifadhi cha Dakatcha wakavikuta viota. Vilikuwa ndani ya bwawa la msimu, vimefumwa kwenye ndago na majani marefu yaliyosimama majini.

Habari hiyo ingetosha kubadilisha mipango yetu yote. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali, una mipaka na walinzi. Mnana anakula humo, lakini anahitaji pia mahali pa kulea, na mahali penyewe ni bwawa lililo kwenye ardhi ya jamii na mashamba ya watu, ambalo baadhi ya miaka halijai kabisa. Ukilinda msitu ukaliacha bwawa, umemlinda ndege mzima na kuwaua watoto wake. Wala si mnana peke yake. Bata mwitu, korongo na vyura wanaingoja mvua ileile.

Nimewahi kufanya kibarua cha kubeba vyombo vya wapima ardhi, bara ya Malindi: futi kamba, simiti, na zile fimbo za rangi nyekundu na nyeupe. Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi, kwa sababu masika gari halipiti. Siku moja tukafika mahali udongo mweusi umepasuka, makombe ya konokono yamelala meupe, na nyayo za ng'ombe zimekauka zikawa ngumu kama sufuria. Mzee mwenye boma la jirani akatufuata. Akamwambia mpima, "Mwanangu, hapo ni ziyani. Masika ukisimama hapo maji yanakufika kifuani." Mpima akafungua karatasi zake, akamjibu kwa adabu, "Mzee, kwenye ramani hapa hapana maji." Tukachimba, tukamimina simiti, bikoni ya mpaka ikasimama katikati ya bwawa.

Baada ya bikoni huja hati miliki, na baada ya hati huja jembe. Mwenye shamba analima mahindi, mvua inashuka, mahindi yanaoza. Simlaumu akichimba mfereji wa kutoa maji. Ameuziwa shamba, hakuuziwa ziwa. Miaka kadhaa iliyopita, mradi mkubwa wa kupanda mibono ya mafuta huko Dakatcha ulipingwa mpaka ukakwama. Ule ulikuwa mkubwa, ulionekana, ukapata wa kuupinga. Mfereji wa jembe moja hauitiwi mkutano wala waandishi wa habari.

Marekani waliyapitia haya kabla yetu. Nyanda zao za nyasi za kaskazini, zinazovuka hadi Kanada, zina vibwawa vingi mno vilivyoachwa na barafu ya zamani, na ndimo wanamotagia bata wengi wa bara lile. Wakulima walivikausha ili wapande ngano na mahindi. Ukame wa miaka ya 1930 ulipowapunguza bata, serikali ikaanzisha stempu mwaka 1934. Kila mwindaji wa bata aliyetimiza miaka 16 sharti ainunue, na fedha zake karibu zote hununua au kulipia mabwawa na nyasi zinazoyazunguka. Mkulima anayekubali kutolikausha bwawa lake hulipwa, na shamba hubaki lake.

Sisi hatuna wawindaji wa kuwatoza, lakini tuna wageni. Wanalala hoteli za Watamu na Malindi, wanakwenda Mida na mdomo wa Sabaki kutazama ndege. Ada ndogo kwa kila mgeni, ikiwekwa kwenye mfuko wake mahsusi badala ya kumezwa na bajeti ya kaunti, inaweza kumlipa mwenye bwawa kila mwaka bwawa linapojaa, ili asichimbe mfereji na asiingize mifugo mpaka makinda yaruke. Baada ya hapo achunge, avue kambare wake, akate nyasi za kuezekea. Hakuna anayemwambia ahame.

Najua nitaulizwa: mtoto wa Magarini atashiba mnana? Hatashiba. Lakini ng'ombe wa babake hunywa kwenye bwawa hilohilo wiki nyingi baada ya mvua kukatika, na mamake huchota hapo kabla hajaanza safari ndefu ya kutafuta maji. Bwawa likishakaushwa, ndege na mtoto wanakosa pamoja. Anayetaka kumtetea mtoto na aanze kwa kulitetea bwawa.

Kwa hiyo nina ombi kwa kaunti ya Kilifi na kwa wanaotoa hati za ardhi. Kabla ya kugawa kipande kingine Magarini, yaandikwe mabwawa yote ya msimu, wazee wakiwaonyesha wapima yalipo, kisha yatiwe kwenye ramani kama maji hata yakiwa makavu. Na wapima wasiende Februari. Waende Mei na viatu vya mpira, gari likikwama watembee.