Aliacha kozi, hakuacha darasa

Kuna ile picha huzunguka WhatsApp kila matokeo ya KCSE yakitoka. Bill Gates, Steve Jobs na Mark Zuckerberg wamepangwa mstari mmoja, chini yake maandishi kwamba wote waliacha chuo na bado wakawa mabilionea. Ushaiona. Pengine hata ushaituma.

Mimi pia niliacha chuo, na picha hiyo haijawahi kunisaidia na chochote. Gates na Zuckerberg walitoka Harvard, na nyumbani kwao hakuna aliyekuwa akingoja watume pesa ya unga. Ukitaka stori ya mtu aliyeacha chuo akiwa hana kitu mfukoni, soma ya Ocean Vuong.

Huyu ni mshairi wa Marekani, mzaliwa wa Vietnam mwaka wa 1988. Babu yake mzaa mama alikuwa mwanajeshi Mmarekani aliyekuja na vita. Familia ilitoroka, ikapitia kambi ya wakimbizi Ufilipino, kisha ikatua Hartford, jimbo la Connecticut, Vuong akiwa na miaka 2. Mamake hakujua kusoma. Kazi aliyoipata ilikuwa ya saluni za kucha, kuinamia mikono na miguu ya wateja kutwa nzima huku akivuta harufu ya kemikali. Vuong mwenyewe alichelewa. Alifika miaka 11 ndipo akaanza kusoma sawasawa. Alipokua kidogo, alivuna tumbaku mashambani na kufanya kazi kwenye mikahawa ya vyakula vya haraka.

Sasa mtoto wa nyumba kama hiyo akifika chuo, anaenda na ukoo mzima mgongoni. Vuong alijiunga na Pace University, New York, akachukua kozi ya biashara, upande wa mauzo. Hesabu yake unaijua: soma kitu chenye pesa, umtoe mama kwenye ile saluni. Hakumaliza hata muhula. Baada ya wiki chache tu, aliondoka.

Wale wa picha ya WhatsApp wangeishia hapo, washangilie. Lakini angalia alichofanya baadaye. Hakurudi mtaani kutangaza kwamba shule ni utapeli. Alibaki New York, akawa anahudhuria mikahawa ambako washairi husomeana kazi zao. Kisha akaingia Brooklyn College, chuo cha umma, safari hii kusoma fasihi ya Kiingereza. Mmoja wa walimu wake huko alikuwa mwandishi Ben Lerner. Akamaliza, akaenda New York University kufanya uzamili katika ushairi. Jamaa aliacha kozi, hakuacha darasa.

Mwaka wa 2016 akatoa diwani yake, Night Sky with Exit Wounds, iliyompa Tuzo ya T.S. Eliot ya 2017. Mwaka wa 2019 ikaja riwaya, iliyoandikwa kama barua ya kijana kwa mama asiyejua kusoma. Mwaka huo huo wakfu wa MacArthur ukamtunuku dola 625,000, zinazolipwa kwa miaka 5. Novemba hiyo hiyo, mamake akafariki kwa saratani. Vuong alifundisha University of Massachusetts Amherst, na leo ni profesa New York University, pale pale alipokuwa mwanafunzi.

Najua utasema, bro, hiyo ni Marekani. Kweli kabisa, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Vuong hakufika kwa kuhustle peke yake. Alipokosea njia, kulikuwa na chuo cha umma kilichompokea tena, na mwalimu aliyesoma alichoandika. Hata mashairi yenyewe hayajazi sufuria. Washairi wengi wa huko hufundisha ili walipe kodi ya nyumba.

Kwetu, ukiacha kozi unapewa njia mbili tu. Ama ukae nyumbani kama uliyefiwa, majirani wakikuuliza unafanya nini siku hizi, ama ujifanye Gates mpaka pesa ya kuweka bando iishe. Njia ya tatu, ya kurudi ukasome kinachokufaa, tumeijaza miiba. Mwaka mzima uliosoma mara nyingi hauhesabiwi ukihamia kozi nyingine, na karo uliyolipa imeenda. Kisha tunashangaa kwa nini kijana anaona afadhali abaki kwenye kozi anayoichukia hadi apewe karatasi asiyoitaka.

Vyuo vyetu virahisishe kuhama kozi bila kumrudisha mtu mwanzo. Wazazi nao, kijana akija na habari kwamba ameacha, kabla ya kuuliza "utakula nini?" wamuulize "unataka kusoma nini sasa?" Swali la kwanza lina haki yake, lakini la pili ndilo linaloweza kumrudisha darasani.

Na wewe uliyeacha kama mimi, hiyo picha ya mabilionea ifute. Chukua kitabu, tafuta watu watakaosoma unachoandika na kukwambia ukweli, halafu uulize chuo kilicho karibu nawe wanafungua lini usajili.