Mlezi Asiye na Faili

Hadi miaka ya 1950, hospitali nyingi za Uingereza zilimpokea mtoto na kumrudisha mama nyumbani. Wauguzi walidai kwamba mtoto hulia mwanzoni, kisha hutulia. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson akaonyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku nane, na waliotazama kwa makini waliona kuwa utulivu ule ulikuwa unyonge wa mtoto aliyekata tamaa. Mwaka 1959 kamati ya serikali, iliyojulikana kama kamati ya Platt, ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuingia muda wowote, na mama wa mtoto mdogo alazwe naye.

Huku kwetu mama hakuhitaji ripoti ya kamati. Anaingia na mtoto, anatoka na mtoto. Ndiyo maana tumejiona tuko salama.

Pita wodi ya watoto saa tisa usiku. Akina mama wamelala sakafuni, kanga juu ya saruji, vichwa uvunguni mwa vitanda. Mmoja ameshika kiganja cha mwanawe asije akachomoa sindano ya dripu. Mwingine anamlisha wake maziwa kwa mpira wa puani, kazi aliyoelekezwa mara moja tu. Pumzi ikibadilika, wao ndio wa kwanza kumkimbilia muuguzi, ambaye yuko peke yake na wodi nzima. Asubuhi raundi ikianza utasikia: “Akina mama, tokeni nje!” Daktari anabaki na faili, aliyekesha anangoja kwenye korido. Baba naye yuko getini na chupa ya uji, akibembelezana na askari.

Kazi ya hospitali wanaifanya, ila kwenye hesabu ya vitanda, chakula na vyoo hawamo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, uliwaweka watoto wachanga wenye uzito mdogo kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa. Vifo vilipungua kwa robo. Wengi wameikumbuka robo hiyo, wachache wamekumbuka kilichoiwezesha: kitanda cha mama kiliingizwa ndani ya chumba cha wachanga mahututi. Huwezi kumbeba mtoto kifuani usiku kucha ukiwa umekaa kwenye benchi.

Tunachodai katika toleo hili ni kwamba kitanda hicho kinunuliwe kwa fungu lilelile linalonunua mitungi ya oksijeni.