Mkipanda Sekenke, mfuniko wa rejeta uacheni

Likizo ya Juni imefika, na familia nyingi za Singida mjini zinapakia mizigo kwenda kwa bibi. Siku hizi wengi husafiri na Subaru Forester au Impreza za turbo, zilizotumika Japani miaka mingi kabla ya kushushwa Dar es Salaam. Akina baba wanazisifia kwa mbio. Mimi naandika habari za afya, kwa hiyo natazama ubovu wake unavyowafikia waliokaa kiti cha nyuma.

Injini ya turbo ina joto kali. Rejeta ikiziba au mipira ya maji ikichakaa, gari litachemsha, hasa mkirudi kutoka Shelui na kuupanda mlima Sekenke. Maji yale yako kwenye presha, yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko yanakurukia usoni. Zimeni injini, msubiri ipoe kabisa, hata kama bibi anapiga simu. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno, yai na hata asali yetu ya Singida visipakwe.

Gari linalomaliza maji kila siku bila kudondosha tone chini, au ambalo oili yake imegeuka kama chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imekufa. Hilo si la safari.

Ninachokiogopa zaidi hakionekani. Bomba la moshi la gari kuukuu hupasuka karibu na injini, na vijana wengine hutoa masega ili gari lingurume. Viungo visipokaza, moshi huingia ndani ukiwa na kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kuliko oksijeni. Kwa baridi na upepo wetu wa Juni, vioo vyote hufungwa. Watoto wanaumwa kichwa, wanasikia kichefuchefu, wanalala usingizi mzito, na mama anasema ni uchovu wa safari. Mkiumwa kichwa wote kwa pamoja, simamisheni gari na mshuke. Asiyeamka vizuri akimbizwe hospitali, na gari lisitembee tena mpaka fundi alione.

Mkanda wa taimingi wa injini nyingi za miaka ile hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Namba ya kwenye dashibodi huwa imerudishwa nyuma mara nyingine, kwa hiyo kama huna ushahidi kwamba ulibadilishwa, ubadilishe. Ukikatika, vali zinapinda na injini inazima hapo hapo, pengine usiku.

Kulanti inayobaki gereji hurudi nyumbani kwenye chupa ya soda. Ni tamu, ina rangi ya juisi, na nyingi ina ethilini glaikoli inayoharibu figo. Mtoto akiinywa msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, na chupa mwende nayo.