Nyoka si nyoka tu

Wiki jana tulibishana sana juu ya ile video ya kijana anayemlisha nyoka chumbani kwake kule Marekani. Wengine mlicheka, wengine mkasema huo ni uchawi mtupu, na mmoja wetu (simtaji, anajijua) akafunga mjadala hivi: "Nyoka ni nyoka. Unamupatia panya, unamupatia maji, basi." Watu wengi wakamwekea kidole gumba. Mimi sikuweka, na leo nataka kueleza kwa nini.

Kwanza niseme ukweli: kijana wa kwenye ile video ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Aliondoka hapa Nakivale akiwa na miaka 9, sasa ana 16. Wengine mnamkumbuka, yule aliyekuwa anakimbiza mijusi nyuma ya kanisa. Kule walikopelekwa alikaa karibu mwaka mzima bila rafiki. Kiingereza chake watoto wa shule walikicheka. Kisha akampata kijana mmoja anayefuga chatu, wakaanza kuongea mambo ya nyoka, na hapo ndipo naye akakusanya pesa zake za kufyeka majani ya majirani, akaenda kwenye soko la wauza wanyama watambaao, akanunua wa kwake. Mama mdogo hakuambiwa mpaka sanduku limeshaingia ndani.

Mwezi wa kwanza akanipigia, huku kwetu ni saa tano usiku. "Yaya, nyoka yangu iko mugonjwa. Inafungula kinywa, inatosha mapovu. Haikule tangu wiki tatu." Na nyuma yake nasikia sauti ya mama mdogo: "Mutoto huyu ataniua! Nilikimbia vita, nilikimbia na nyoka za Fizi, sasa analeta nyoka mu nyumba, na mimi ndiye nalipia umeme yake!"

Alinipigia mimi kwa sababu niliwahi kufanya kazi miezi minane huko upande wa Entebbe, mahali panapotunzwa nyoka kwa ajili ya wanafunzi na watalii. Nilikuwa mfagiaji, jamani, msinipe udaktari. Lakini ukifagia vyumba vya nyoka miezi minane unaona mambo.

Nikamuuliza: nyoka gani? Akasema wa mchanga, wa Kenya. Nikacheka kwanza. Huyu ni nyoka mfupi, mnene, mkia umekatika kama kidole, rangi ya chungwa yenye mabaka ya kahawia. Kwao ni kwenye nchi kavu za Afrika Mashariki na Kaskazini Mashariki. Wenzetu walio Kakuma wanakaa kwenye nchi ya aina hiyohiyo. Hana sumu. Siku nzima anajifukia mchangani, anabakiza macho na pua, anangoja panya au mjusi apite. Wazungu wamempenda, wanamzalisha majumbani mwao, ndiyo maana mtoto wa Fizi aliyekulia Nakivale anaenda kununua nyoka wa Kenya Marekani. Dunia hii.

Nikamwambia anionyeshe sanduku kwa video. Nikaona tatizo kabla hajaongea. Ndani kuna kuvu za msituni zilizolowa, kioo kina jasho, na nyoka amelala juu, wazi kabisa. Nyoka wa mchanga aliyelala juu mchana kutwa ni kama kuku aliyelala chali. Nikamuuliza nani kamfundisha kumwagia maji. "Rafiki yangu. Yake anaimwagia, inakuwa muzuri."

Sasa hapo ndipo penye hoja yangu yote. Chatu wa rafiki yake ni yule mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye akiogopa anajikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Anapatikana kuanzia Senegal mpaka huku Uganda na Sudan Kusini, na maelfu kwa maelfu ya vitoto vyake husafirishwa kila mwaka kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda kuuzwa kama wanyama wa nyumbani. Huyo mchana anakaa kwenye mashimo ya panya na vichuguu, ambako hewa ina unyevu kuliko nje. Hewa ya sanduku lake ikiwa kavu sana, anashindwa kuvua gamba vizuri: linatoka vipandevipande, na mara nyingine lile la juu ya macho linabaki palepale. Kwa hiyo rafiki alikuwa sahihi kabisa kwa chatu wake. Unyevu huohuo, kwa nyoka wa nchi kavu, unaozesha magamba ya tumbo na kumletea ugonjwa wa mapafu. Mapovu yale mdomoni yalikuwa hayo.

Yaani watoto wawili, wote wanapenda wanyama wao, wote wanasoma, wote wana bidii, na mmoja anamuua wake kwa upendo wa mwenzake.

Hata chakula ni hivyo. Pale Entebbe kulikuwa na utaratibu: Ijumaa kila nyoka anapewa panya. Rahisi, inaandikwa kwenye daftari, bosi anaridhika. Kulikuwa na nyoka mmoja mwembamba wa kahawia, ana mabaka, aliletwa na watu wa kijijini, na kwenye kioo wakamwandikia kuwa ni mtoto wa kifutu. Kweli alifanana. Ukimkaribia alijipinda na kusugua magamba yake mpaka yanalia kama mafuta kwenye kikaango. Watalii walipenda. Ila panya hakugusa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Daftari likaandikwa "amekataa." Mimi nilikuwa natoa panya yule wa Ijumaa siku ya Jumamosi, nanyamaza. Nilikuwa mkimbizi mwenye kazi, ningesema nini?

Mzee mmoja wa pale aliporudi kutoka likizo alimwangalia dakika moja tu. Akasema huyu ni nyoka wa mayai. Hana meno ya maana, hana sumu, na maisha yake yote anakula mayai ya ndege, hakuna kingine. Analimeza zima, analivunja kwa mifupa iliyotokeza ndani ya shingo, anashusha ute, kisha anatapika ganda limekunjwa kama karatasi. Kule kujifanya kifutu ndiyo silaha yake pekee. Nilitumwa na boda kutafuta mayai ya kware, maana ya kuku yalikuwa makubwa mno kwake. Nikayapata. Akafa siku ya pili, hajagusa hata moja. Amekufa njaa huku kila Ijumaa analetewa chakula.

Nikikumbuka daftari lile napata hasira mpaka leo. "Amekataa." Kana kwamba kosa ni lake.

Najua mtaniambia: lakini kuna mambo ambayo nyoka wote wanayahitaji. Ni kweli, sikatai. Kila nyoka anataka pa kujificha, maji safi, sanduku lisilotoroka, na sehemu mbili za joto, upande moto na upande wa baridi, kwa sababu mwili wake hautengenezi joto kama wetu. Anasogea huku na kule kujipimia mwenyewe. Akikosa joto, chakula hakisagiki tumboni, anakitapika. Hayo ni ya wote. Lakini "joto" ni kiasi gani? Wafugaji wa chatu yule wa mpira wanaweka upande wa moto kwenye nyuzi 32 hivi. Yule wanayemwita nyoka wa mahindi, wa kusini mashariki mwa Marekani, anatosheka na nyuzi 28 au 29. "Pa kujificha" nako: chatu anataka pango finyu linalomgusa mwili pande zote, nyoka wa mchanga anataka kina cha kuchimba, na wa mahindi anataka pia matawi, maana ni mpandaji, na akipata tundu la upana wa kidole hutamuona tena. Hata kutokula kuna maana tofauti. Chatu yule mtu mzima anaweza kugoma miezi kadhaa na akawa salama, na wafugaji wapya wanalia bure. Wapo nyoka wengine wasio na akiba hiyo.

Kuna wengine panya si chakula chao kabisa. Nyoka wadogo wa majani mabichi wa kule Marekani wanakula wadudu na buibui. Wengine wa kandokando ya maji wanakula samaki, minyoo na vyura, na hata hapo kuna mtego: ukimlisha aina fulani za samaki tu kila siku, samaki hao wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na nyoka anaanza kutetemeka na kupoteza mwelekeo. Na kuna wale wanaokula nyoka wenzao. Waweke wawili sanduku moja, asubuhi utakuta mmoja, amenenepa.

Kwa hiyo msimamo wangu: mtu asiyejua jina la nyoka wake na mahali anapotoka asimfuge. Swali la kwanza si "nyoka anakula nini," ni "huyu kwao ni wapi, na kwao kukoje?" Na muuzaji anayempa kila mteja sanduku lilelile, taa ileile na karatasi ileile ya maelekezo, huyo anauza kifo cha polepole, nasema hivyo bila kuogopa.

Hapa wafanyakazi wa mashirika mnaosoma kundi hili mtanisamehe, lakini nitawagusa kidogo. Mnakumbuka mradi wa kuku na sungura uliokuja kwa vijana? Kuku walikuwa na mafunzo ya siku mbili. Sungura walikuja na karatasi ya kuku, mtu kabadilisha jina tu juu. Tukawaweka chini, kwenye sakafu yenye mkojo, tukawapa majani yaliyolowa umande. Sungura 12, wiki 6, hakubaki hata mmoja. Ripoti ikasema vijana hawakuwa na moyo wa kufuga. Nilipoisoma nilikumbuka daftari la Ijumaa.

Kuna aliyeniandikia pembeni: "Watu huku wanaumwa na nyoka mashambani, wewe unatetea nyoka za matajiri?" Swali zuri, na halinikasirishi. Kuumwa na nyoka ni jambo zito. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na waliosahauliwa hapo ni watu kama sisi, wanaolima peku na kulala chini. Lakini hata hapo, "nyoka ni nyoka" haitusaidii. Dawa ya sumu hutengenezwa kwa sumu za nyoka fulani, na nyingine haikuwahi kutengenezewa dawa yake. Wale nyoka wa mitini wenye magamba kama manyoya, wa misitu ya kwetu Congo, ni mfano. Nesi akikuuliza alikuwaje, mrefu au mnene, alitema mate, alivimbisha shingo, hakuulizi kwa udadisi. Ila msinielewe vibaya: mimi mwenyewe niliyefagia vyumba vyao sikuweza kumtofautisha nyoka wa mayai na kifutu. Kwa hiyo huku shambani ukiona mmoja, rudi nyuma, muache aende. Kumshika ili umjue ni upumbavu.

Na vijana mlioniuliza kama mnaweza kukamata mmoja mkafuga: hapana. Sheria ya hapa Uganda, kama ile ya Kenya, hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na mkimbizi akikutwa na kesi ya wanyamapori sina haja ya kuwaeleza. Zaidi ya hapo, umeme wa kumpashia joto usiku utautoa wapi, wakati simu tunachaji kwa zamu?

Mdogo wangu nilimwambia aende kwa daktari wa wanyama, kwa sababu ugonjwa wa mapafu hauponi kwa ushauri wa simu. Pesa ilikuwa shida. Mama mdogo alikataa siku mbili, siku ya tatu akalipa. Hajaniambia kwa nini, lakini mtoto aliniambia kwamba alimkuta usiku amekaa kitini mbele ya lile sanduku, anaangalia. Kuvu zikatupwa, bakuli la maji likabadilishwa na dogo zaidi, likasogezwa upande wa baridi, mchanga mkavu ukawekwa kina cha kiganja. Dawa wiki kadhaa. Wiki ya tano akala panya mmoja mdogo.

Hiyo video mliyoiona ndiyo siku hiyo. Mkiirudia, angalieni vizuri mwanzoni kabisa, kabla ya panya: mnadhani sanduku ni tupu, kuna mchanga tu, kisha pale katikati kuna vitu viwili vyeusi vidogo kama punje za pilipili manga. Ni macho yake. Na ile sauti ya mwanamke inayosema "funga muzuri hiyo kifuniko, hewa ya baridi inaingia," huyo ni mama mdogo.