Si jeuri wala kiburi: Tumwelewe mtu mzima mwenye usonji

Wiki hii safu yetu inaingia hadi chumba cha uani, kwa yule ndugu ambaye familia nzima inamlalamikia. Huenda ni kaka yako wa miaka thelathini na kitu, huenda ni shangazi yako, huenda ni mumeo. Wageni wakija anajifungia. Harusini anaondoka kabla ya pilau. Ukimsalimia anajibu huku anatazama mlango. Ukibadili saa ya chakula bila kumwambia, siku yake nzima imeharibika. Lakini mpe kazi ya kupanga misahafu ya madrasa au kuhesabu michango ya msikiti, hakosei hata shilingi.

Mtaani ameshapewa majina yote: mjeuri, ana kiburi, karogwa, ana jini. Mwandishi wa safu hii anasema yumkini hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Yumkini ndugu huyo ana usonji, amezaliwa nao na amekua nao, bila ya mtu yeyote kumwambia wala yeye mwenyewe kujua.

Usonji hauishii utotoni

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza wala si wendawazimu. Ni tofauti katika jinsi ubongo unavyokua na kufanya kazi tangu mwanzo wa maisha. Humgusa mtu katika mambo makubwa mawili. La kwanza ni mawasiliano na mahusiano: kusoma sura za watu, kuelewa mzaha, kujua zamu ya kusema. La pili ni namna ya kutenda na kuhisi: kupenda utaratibu ule ule, kuzama katika jambo moja, kurudia mwendo fulani wa mikono au mwili, na milango ya fahamu kupokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa ukali mno, au kwa uhafifu mno, kuliko watu wengine.

Wapo wenye usonji wasiosema kabisa, wanaohitaji kusaidiwa kula na kuvaa maisha yao yote. Wapo pia waliosoma hadi chuo kikuu, wana kazi, wake na watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, msikiti unaopata waumini 500 siku ya Ijumaa unaweza kuwa na watu wanne hivi wa aina hii ndani ya safu zake. Je, wewe unamjua hata mmoja?

Hatuwajui kwa sababu elimu yenyewe ni changa. Maelezo yaliyoufanya usonji ujulikane kwa madaktari yalitolewa mwaka 1943 na Dk. Leo Kanner wa Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Aliandika juu ya watoto 11, na tangu hapo macho ya watu yakabaki kwa watoto. Hadi miaka ya 1990, mwenye usonji aliyezungumza vizuri na kufaulu masomo mara nyingi hakuhesabiwa. Watoto wa wakati ule ndio watu wazima wa leo. Walichapwa shuleni kwa "utukutu", wakaingia ukubwani na jina hilo hilo.

Mila zetu zinawaficha

Vitabu vingi vya kitabibu vinataja kutotazama machoni kuwa miongoni mwa dalili. Lakini kwetu sisi kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa anasifiwa kwa adabu, na msichana mkimya asiyetoka ndani anasifiwa kwa haya. Hivyo dalili inapita mbele yetu tukiipigia makofi. Kwa wanawake hali ni nzito zaidi, maana wengi hujifunza kuwaiga wenzao tangu wadogo. Mtihani unakuja pale binti anapoolewa na kuingia nyumba ya mavyaa na mawifi, yenye watoto, redio na wageni kutwa. Yule aliyeitwa mtulivu kwao sasa anaitwa mwenye maringo.

Kisha kuna lugha yetu. Waswahili tunasema kwa mafumbo. Mama anauliza, "Vyombo hivi vitajiosha vyenyewe?" Mwanawe anajibu kwa utulivu, "Haviwezi." Hapo matusi yanafuata, ilhali yeye amejibu swali aliloulizwa. Mwenyeji akiona mgeni amekaa mno anasema, "Jamani, usiku umeingia." Wote wanasimama, yeye anatazama saa na kusema, "Ndiyo, saa nne na dakika kumi." Tunayo methali isemayo kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Kwa mtu huyu methali hiyo inakosea. Anaweza kuwa amehifadhi msahafu mzima na bado fumbo la jikoni likampita, wala si mjinga.

Gharama ya kujificha

Ndugu msomaji, mtu huyu anajua kuwa yeye ni tofauti. Kwa hiyo hujilazimisha: anakariri maneno ya kusalimia, anacheka wenzake wakicheka, anavumilia spika za harusi huku kichwa kinampasuka. Watu wanasema, "Mbona jana alikuwa sawa?" Hawaoni kuwa leo ameshindwa hata kuinuka kitandani. Wataalamu wanaeleza kuwa kujificha kwa namna hii kwa miaka mingi huambatana na uchovu mkubwa, wasiwasi uliopindukia na sonona, na kwa baadhi yao mawazo ya kujitoa uhai. Hapa ndipo suala linapotoka kwenye adabu na kuwa suala la uhai wa mtu. Ukimsikia anasema amechoka kuishi, usimkaripie kwa kukosa imani. Kaa naye, usimwache peke yake, na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Lawama zisizo na msingi

Wapo waliowahi kudai kuwa usonji huletwa na mama asiye na upendo. Dai hilo lilitamba huko Magharibi katika miaka ya 1950 na 1960, likawaumiza kina mama wengi, na baadaye likatupwa. Mwaka 1998 likaja dai jingine, la kuhusisha chanjo ya surua na usonji, kwa andiko lililohusu watoto 12 tu. Jarida la Lancet lililolichapisha lililifuta mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza mwaka huo huo. Kinachofahamika leo ni kwamba sehemu kubwa ya chanzo iko katika maumbile ya kurithi.

Na sisi tunalo letu: jini. Hakuna anayekataza kumsomea ndugu yako dua. Hiyo ni ibada na ni faraja. Lakini kumfunga kamba, kumchapa, kumnyima chakula au kumfukiza moshi hadi akohoe damu kwa madai ya kumtoa jini ni dhulma. Usonji hautolewi kwa fimbo, na hakuna kidonge wala kombe la kuufuta.

Mfano wa mji mmoja

Yule mtoto wa kwanza katika maelezo ya Dk. Kanner aliitwa Donald Triplett, mzaliwa wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Akiwa na miaka mitatu wazazi wake walishauriwa kumweka katika taasisi ya kulelea watoto, wakafanya hivyo, kisha baada ya mwaka mmoja hivi wakamrudisha nyumbani. Alikua, akasoma, akafanya kazi benki kwa miaka mingi, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, akasafiri nchi nyingi peke yake. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89.

Usonji wake haukuondoka. Alikuwa na desturi ya kuwapa watu namba, na wenyeji wakazizoea namba zao. Ni kweli kwao kulikuwa na uwezo, na familia ya mama yake ilikuwa na hisa katika ile benki. Lakini kuzoewa na majirani hakununuliwi. Walimchukua kama alivyo, na waandishi wa habari walipokuja kumuuliza maisha yake, wenyeji waliwaonya wasimdhuru. Je, sisi tunaojisifu kwa ujirani tunashindwa na hilo?

Nini kifanyike nyumbani

1. Sema wazi. Badala ya fumbo, mwambie: "Naomba uoshe vyombo hivi kabla ya alasiri." Utashangaa jinsi kazi itakavyofanyika, na bila ya ugomvi.

2. Toa taarifa mapema. Wageni wakija, mwambie ni akina nani, saa ngapi na wataondoka lini. Ramadhani hubadilisha saa za kula na kulala kwa siku moja, na hilo ni zito kwake. Wiki moja kabla, andika ratiba ya daku, futari na tarawehe na uibandike ukutani.

3. Heshimu milango yake ya fahamu. Udi unaokuburudisha wewe unaweza kumtapisha yeye. Kitambulisho cha nguo shingoni mwa kanzu kinaweza kumchoma kama mwiba, basi kikate. Katika usafi, wapo wasiovumilia povu na ukali wa dawa ya meno, na watu wakadhani ni wachafu. Mpe mswaki wa mti, nao ni sunna. Kama maji baridi yanamshtua, ya uvuguvugu yapo. Kucha zikatwe baada ya kuoga zikiwa laini.

4. Msikitini, mwache asimame mwishoni mwa safu, upande wa ukuta, mbali na spika. Kama baada ya swala anaondoka bila kupeana mikono, usimvute bega kumfundisha adabu mbele ya watu. Imamu akiambiwa mapema anaweza kuwatuliza wengine.

5. Harusini na msibani, kubalianeni muda wa kukaa, na umpe kazi: kuandika michango, kupanga viti, kugawa maji. Kazi humpa sababu ya kuwapo bila ya kulazimika kupiga soga. Asipolia msibani, usiseme hana moyo. Kutolia si kutohuzunika. Huzuni yake inaweza kutoka wiki tatu baadaye, akiwa peke yake.

6. Angalia afya yake. Baadhi yao hawahisi vizuri njaa, kiu wala maumivu mpaka hali iwe mbaya. Swali la "hujambo?" atalijibu "sijambo" kwa mazoea tu. Uliza moja moja: tumbo linauma? Umekunywa maji leo? Ulilala saa ngapi? Aidha, kifafa na matatizo ya usingizi huwapata wenye usonji zaidi kuliko watu wengine. Mwenye dawa za kifafa asiziache kwa ajili ya saumu. Aonane na daktari wake na sheikh kabla mwezi haujaandama.

7. Linda haki zake. Yapo majumba ambayo mirathi ikigawanywa, fungu la ndugu huyu humezwa na kaka zake kwa kisingizio cha "yeye hajui kitu". Yapo yanayomwozesha ili apone, bila kumuuliza yeye wala kumweleza mchumba. Kuwa mkimya si kukosa akili, na fungu lake ni lake.

Kwa wanaotaka uhakika, hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili, zina madaktari wa afya ya akili. Uende na mtu anayemjua tangu utotoni, kwani daktari atauliza alianza kusema lini, alicheza vipi, alikuwaje shuleni. Hata uchunguzi ukichelewa, hayo mambo saba hayahitaji cheti.

Na wewe mwenyewe unayesoma

Yumkini msomaji wa safu hii leo si ndugu wa mtu huyo bali ndiye mwenyewe, na umejiona katika mistari hii kama mtu aliyekutana na kioo. Basi ujue kuwa huna laana, na hukuharibiwa na mama yako. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, umweleze kinachokuumiza na kinachokusaidia. Kupumzika mahali pa kimya baada ya kukaa na watu si uvivu, ni dawa. Kuomba uambiwe jambo waziwazi si utovu wa adabu.

Kwa wengine wetu, tukumbuke habari ya Sahaba Abdullah ibn Umm Maktum, aliyekuwa kipofu. Sura Abasa ilishuka kwa sababu yake, pale alipokatiza mazungumzo na viongozi wa Makureshi. Baadaye Mtume (SAW) alimpa kazi ya kuadhini, na akamwachia Madina alipotoka safarini. Hakuachwa uani kwa kuonewa huruma, alipewa nafasi na wajibu wake katika jamii.

Leo jioni, kabla hujamwita tena mjeuri, gonga mlango wa chumba kile cha uani. Usiingie kwa kelele. Muulize swali moja lililo wazi: "Ni kitu gani katika nyumba hii kinachokuchosha zaidi?" Kisha nyamaza, na umpe muda wa kujibu. Hata ikichukua dakika tano.

Wabillahi tawfiq.