Binti wa Mwene Afundishwe Nini?

Wafipa husimulia kwamba Watwa, ukoo wa kifalme uliotawala Nkansi na Lyangalile, ulianza na wanawake wageni waliofika Milansi mtawala akiwa mawindoni, wakakikalia kiti chake. Ni koo chache za kifalme zinazokiri asili ya namna hiyo.

Waingereza walipotaka kuwaelimisha warithi wa machifu, walianzisha shule Tabora, ya wavulana. Mwana wa chifu aliandaliwa kusimamia kodi na baraza. Yaani, kumtumikia aliye juu yake. Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliingia huko mwaka 1937. Serikali yake ndiyo iliyofuta mamlaka ya machifu mwaka 1963.

Leo machifu wamerejea majukwaani. Mwaka 2021 walimtawaza Rais Samia kwa jina la Hangaya. Silipingi hilo. Nauliza tu: binti wa ukoo wa Mwene, hapa Ufipa, anaandaliwa kwa kazi gani? Kuwapokea wageni wa serikali kwa ngoma hakutoshi. Ahudhurie Baraza la Ardhi la Kijiji, amsikilize mjane anayenyang'anywa shamba, kisha arudi nyumbani akamweleze baba yake aliyoyasikia, hata kama mnyang'anyi ni ndugu yao.