Muzee hasikii? Tuanzie kwenye masikio

Bunia kuna parseli ziko na mzee aliyechimba dhahabu Mongbwalu, Kilo ao Nizi. Unamusalimia, hajibu. Unamuita kula, anabaki kwenye kiti chake. Watoto wanasema: «Muzee ameanza kiburi.» Wengine wanaenda mbali zaidi: «Bamemuloga.»

Mimi nasema, tuanzie kwenye masikio.

Mtu aliyekaa miaka 20 karibu na konkaseri, kompreseri na dinamiti, masikio yake yamelipa. Kelele ikipita desibeli 85 kutwa nzima, siku kwa siku, inaua vinywele vidogo vya ndani ya sikio, na havioti tena. Inaenda polepole, bila maumivu. Njo maana hakuna anayeshituka.

Kisha miguu inafuata. Mzee asiyesikia pikipiki nyuma yake anaogopa barabara. Anaacha soko, anaacha kanisa, anaacha mikutano ya ukoo. Mwili usiotembea unapoteza nguvu. Mwaka 2012, kule Marekani, watafiti Frank Lin na Luigi Ferrucci walionyesha kwamba watu wa miaka 40 mpaka 69 waliopoteza kusikia, hata kidogo tu, walikuwa karibu mara 3 zaidi na hatari ya kuwa wameanguka. Na mzee akivunjika kiuno huku kwetu, munajua inaishaka namna gani.

Apareyi ya masikio hairudishi miguu ya ujana, nisidanganye mtu. Lakini inaweza kumurudisha mzee katikati ya watu, na kutembea njo dawa ya miguu. Iko bei, ni kweli, na inataka mawe madogo kama ya saa. Basi ukoo uchange, kama tunavyochanga kwa matanga. Tunapata makuta ya kumuzika mtu, tunakosa ya kumusikilizisha angali muzima?

Kwanza mumupeleke kwa daktari. Mara zingine ni uchafu tu umeziba sikio. Musinunue apareyi ya sokoni bila kupimwa.

Na ninyi vijana wa karyeri: muombe PDG wenu vizibo vya masikio. Anayepata pesa ya mafuta ya konkaseri hawezi kukosa ya vizibo.

Leo jioni, kaa mbele ya baba, akuone uso, sema polepole. Asipojibu, usikasirike. Kesho mupeleke.